TEMINO NAMBA SITA

SEHEMU YA KWANZA

Kijana wa Kaka Mizani alifika kibandani kwangu akihema. "Dada fundi, bosi anasema uje na bisibisi. Kuna TV ya chogo imetushinda kufungua."

Kibanda changu cha simu kiko karibu na Tip Top, upande wa pili wa Barabara ya Morogoro. Yadi ya skrepa ya Kaka Mizani iko ndani kabisa, Midizini, na huniita kila anapoletewa kitu chenye tyubu ya picha. Anayo sababu. Tyubu ya picha inaweza kuhifadhi umeme wa volti zaidi ya elfu kumi, hata kama waya umechomolewa ukutani. Kijana wake mmoja aliwahi kushika pasipofaa, akarushwa mpaka kwenye rundo la mabati. Tangu siku hiyo, kazi ya kuua umeme ni yangu. Nafunga waya kwenye bisibisi, upande wa pili naugusisha kwenye chuma cha fremu, nachokonoa chini ya kile kifuniko cha mpira ubavuni mwa tyubu. Pah! Umeme umekwisha. Baada ya hapo vijana huvunja shingo ya tyubu na kung'oa koili, kwa sababu kwenye koili ndiko iliko kopa, na kopa ndiyo hela.

Nikavuka barabara. Mwendokasi lilikuwa linapita limejaa mpaka mlangoni. Nikakata vichochoro hadi yadini.

Haikuwa TV. Haikuwa na tundu la antena, haikuwa na spika wala kitufe cha kubadili chaneli. Ilikuwa kioo kidogo juu ya mguu mmoja, plastiki yake ilikuwa nyeupe zamani, sasa imekuwa ya manjano. Mbele yake palikuwa na kibodi nene, yenye waya uliojikunja kama wa simu za mezani. Nyuma palikuwa na tundu pana lenye vishimo 25 kwa safu mbili. Juu ya mgongo, mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: 6.

"Imetoka wapi?" nikauliza.

"Ghala moja la zamani, upande wa Mabibo. Wanalisafisha," alisema Kaka Mizani. "Jamaa wa guta amepakia vioo vingi, vingine vimevunjikia njiani. Hiki ndicho kizima. Kina kopa ya maana?"

"Kidogo."

"Basi kiue umeme tukivunje, dada fundi. Jua linapanda."

Nikakiinua ili niangalie nyuma. Jua likapiga kioo kwa ubavu, na pale nikaona maandishi.

Kioo kilikuwa kimezimwa, hakina waya wa umeme, lakini kilikuwa na maandishi. Yalikuwa yamefifia, yanaonekana ukilaza kioo upande na kupotea ukikisimamisha. Nilijua ni nini. Ndani ya kioo cha namna hii kuna unga unaong'aa ukipigwa na mwali wa elektroni. Neno lilelile likikaa palepale mwaka baada ya mwaka, unga wa mahali hapo huchoka kuliko wa jirani yake, na umbo la neno hubaki. Majina ya watu hayaachi alama, kwa sababu yanabadilika kila dakika. Kinachobaki ni vichwa vya fomu, vile visivyobadilika.

Nikasoma taratibu, kidole juu ya vumbi. NAMBA YA KAZI. JINA KAMILI. TAREHE YA KUAJIRIWA. MSHAHARA WA MWISHO. MAFAO.

Juu kabisa, katikati, palikuwa na herufi nne.

Herufi hizo nimeziona maisha yangu yote. Zipo kwenye kitambulisho cha kazi cha Mama, kinachoning'inia kwenye msumari chumbani kwake, picha yake ya usichana ikiwa na nywele za kusuka twende kilioni. Mama alikuwa karani katika shirika hilo la umma mpaka lilipofungwa miaka ya 1990, wakati mashirika yakibinafsishwa moja baada ya jingine. Wenzake walidai mafao yao kwa miaka. Walijibiwa kwamba mafaili hayaonekani. Mama alifuatilia pamoja nao, halafu siku moja akaacha, na hakueleza kwa nini. Nikimuuliza, hujibu kwa methali: yaliyopita si ndwele.

Nilikuwa bado nimeinama, macho kwenye zile herufi nne, niliposikia kijana nyuma yangu akisema, "Tayari eeh, dada?" Alidhani nimekwisha kufanya kazi yangu.

Nyundo ilikuwa hewani, inashuka kwenye shingo ya tyubu. Na mimi sikuwa nimeua umeme.

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Fundi simu wa Manzese amegundua, kwenye kioo cha ajabu kilichopelekwa skrepa, herufi za shirika alilofanyia kazi mama yake. Kijana wa yadi, bila kujua kwamba kioo hakijauliwa umeme, ameshusha nyundo. SASA ENDELEA...

Nilimsukuma kwa bega. Nyundo ikatua kwenye pipa, mlio ukasikika mtaa mzima. Kaka Mizani alitukana, kisha akaona uso wangu, akanyamaza.

"Nipimie," nikamwambia. "Nakinunua kwa kilo."

"Wewe? Cha nini?"

"Nipimie, kaka."

Akapima. Nililipa bei ya kopa kwa kitu ambacho robo tatu yake ni plastiki, nikakifunga kwa kanga, nikapanda bodaboda mpaka Tandale, kwa mzee ambaye watoto wa mtaa wanamwita Babu Opareta. Wengi hawajui jina hilo lilitoka wapi. Mimi nilijua kwamba alifanya kazi kwenye shirika lile lile la Mama, kwenye chumba ambacho wengine hawakuruhusiwa kuingia.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umebeba nini hicho, mtoto?"

Nikafungua kanga. Babu alikuwa amekaa barazani na redio yake. Alisimama bila fimbo. Akagusa kibodi, herufi moja, ya pili, kisha akaweka vidole kumi vyote mahali pake bila kutazama.

"Temino," alisema. "Wyse. Hizi zilitoka kampuni ya California. Tulikuwa nazo nane."

"Ndiyo kompyuta zenu za zamani?"

"Hii siyo kompyuta. Hilo ndilo vijana hamlijui. Hii haina diski, haina programu, haina kumbukumbu ya jana. Ukibonyeza A, hiyo A inasafiri kwenye waya mpaka kwenye boksi, ambalo ndilo kompyuta yenyewe, boksi linaipokea, linairudisha, ndipo unaiona kwenye kioo. Hata herufi uliyoandika mwenyewe umeletewa na boksi. Boksi likifa, vioo vyote vinane vinakufa."

"Boksi moja, watu wanane?"

"Kwa wakati mmoja! Na kila mmoja akidhani yuko peke yake. Umewahi kumtazama mama lishe saa saba mchana? Wateja wamemzunguka, ana upawa mmoja. Huyu anamwagia maharage, yule anampa pilipili, wa tatu anarudishiwa chenji, na hakuna anayelalamika kwa sababu mkono wake una kasi. Ndivyo boksi lilivyofanya. Linampa huyu sehemu ndogo sana ya sekunde, linamhamia yule, linarudi."

Kisha akanieleza mambo ambayo shuleni sikuwahi kuyasikia, na nayaandika hapa kwa sababu ni ya kwetu. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka 1965, Wizara ya Fedha, mashine iitwayo ICT 1500. Miaka tisa baadaye, 1974, nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba tu. Mwaka huohuo Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni Tanzania Bara. Aliyetaka kompyuta alipaswa kuomba kibali maalumu na kueleza ni ya kazi gani. Babu alikuwa kijana wa kutoboa kadi za kulishia kompyuta wakati huo. Kadi moja ilikuwa na safu 80, urithi wa kadi za IBM za mwaka 1928, na ndiyo maana mpaka temino yangu ya Midizini ilikuwa na nafasi 80 kwa mstari, mistari 24 kushuka chini.

"Kwa hiyo kibali kilipotoka," Babu aliendelea, "hakuna aliyefikiria kumnunulia kila karani kompyuta yake. Fedha za kigeni zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Unanunua boksi moja na temino za bei nafuu, unavuta waya. Kule Marekani walikuwa wameshalifikiria hilo zamani. Mtu aitwaye Corbató alilionyesha kwenye chuo cha MIT mwaka 1961. Mwaka 1969, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa maabara ya Bell wakaanza Unix. Sisi tulitumia mtoto wa Unix, aliitwa Xenix. Unajua nani aliitoa? Microsoft, mwaka 1980, kabla hata hujasikia neno Windows."

Akakaa. Sauti yake ikashuka.

"Kila mtu alikuwa na jina lake la kuingilia. Langu lilikuwa opa1. Kila mtu alikuwa na mafaili yake, na hukuweza kufungua ya mwenzako bila ruhusa. Mimi nilikaa kwenye konso, kioo cha boksi lenyewe, kazi yangu kuwasha, kuzima na kunakili. Mishahara sikuruhusiwa kuigusa. Ilikuwa ya mhasibu mkuu, Mungu amrehemu."

Nilimwonyesha maandishi kwenye kioo. Aliyasoma muda mrefu kuliko yalivyokuwa mengi.

"Babu, kama temino haina kumbukumbu, basi kumbukumbu za Mama na wenzake ziko kwenye boksi."

"Kama boksi lipo."

Nikampigia jamaa wa guta. Alikumbuka vizuri. Boksi la chuma, zito, na kioo chake kidogo cha kijani, alilishusha kwenye yadi ya Mabibo kwa sababu kule wanalipa zaidi kwa chuma. Babu akavaa koti juu ya kanzu, akasema anakuja. Nilimkatalia, jua kali na miguu yake ile. Akaja.

Yadi ya Mabibo inamilikiwa na mama mmoja mnene, mkarimu, anayeitwa Mama Chuma na kila mtu. Boksi lilikuwa pale, chini ya turubai, na nyuma yake palikuwa na kadi yenye matundu manane yaleyale ya vishimo 25. Moyo ukanienda mbio. Mama Chuma akatikisa kichwa.

"Pole, binti yangu. Limeshalipiwa nusu. Mteja alimtuma dalali, hela ikaingia kwenye simu. Anataka boksi tu. Vioo, alisema hata bure hataki."

"Ni nani?"

"Simjui kwa sura. Namba yake dalali aliniachia." Akanifungulia daftari.

Niliamua kumbembeleza huyo mteja, nimweleze habari za Mama, za wenzake waliokufa wakidai. Nikaandika namba, nikabonyeza kupiga, nikaweka simu sikioni.

Ikaanza kuita. Na hapohapo, hatua moja kutoka niliposimama, simu ikalia ndani ya koti la Babu Opareta.

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Mteja wa siri anayelitaka boksi lenye kumbukumbu za wafanyakazi amepigiwa simu. Simu imelia mfukoni mwa Babu Opareta. SASA ENDELEA...

Babu hakuitoa simu. Aliiacha ilie mpaka ikanyamaza yenyewe.

"Nilitaka kukwambia," alisema.

"Lini, Babu? Tumekaa barazani kwako asubuhi nzima."

"Niliposikia ghala linasafishwa niliweka neno kwa madalali wote. Sikujua litaangukia yadi ipi. Mjukuu wangu, nimewazika wenzangu wengi. Kila msiba ni maneno yaleyale: kumbukumbu hazipo. Mimi nilijua zipo. Nilikuwa nazinakili kila Ijumaa jioni."

"Sasa ulinificha nini?"

"Mtu mzima akitafuta kitu kwa miaka, haamini kwamba kimepatikana mpaka akishike."

Lilikuwa jibu, na alilisema macho chini. Nililipokea. Tukamalizia nusu ya bei, guta likalibeba boksi hadi kwetu Manzese, na usiku ule tukaliweka sebuleni. Mama alikuwa amekwenda kwenye kitchen party ya binti wa jirani. Nilishukuru. Nilitaka arudi akute jibu mezani.

Wanaodhani kazi ya fundi ni kubonyeza kitufe wangekaa nasi usiku ule. Kwanza kifaa cha umeme cha boksi kilikuwa kimevimba kepasita mbili. Nikazitoa na kuweka nyingine nilizong'oa kwenye redio mbovu. Kisha betri ya ndani ilikuwa imekufa na kuvuja. Mashine za kizazi kile betri ikifa husahau kila kitu. Hudhani ni mwaka 1980, na husahau hata aina ya diski iliyo tumboni mwake. Bila kuambiwa aina ya diski, haiwaki. Nikakata tamaa. Babu akaniambia nigeuze kifuniko. Ndani, kwa kalamu ya wino, kwenye karatasi iliyogandishwa, palikuwa na namba ya aina ya diski.

"Mwandiko wangu," alisema. Alifurahi kweli, na mimi nikafurahi naye.

Diski ikagoma kuzunguka. Zikikaa muda mrefu, vichwa vya kusomea hugandana na sahani. Nikaishika mikononi, nikaipa mzunguko mfupi wa kifundo cha mkono, kidogo tu, sawasawa na Babu alivyonielekeza. Mara ikalia, sauti nyembamba ikipanda, ikipanda. Babu akafumba macho akisikiliza.

Waya wa temino ulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Katika vishimo 25 tulihitaji vitatu. Namba 2 hutuma, namba 3 hupokea, namba 7 ni ardhi. Kwa kuwa pande zote mbili zina tabia ya kutuma kwa namba 2, unavuka: 2 ya huku kwenda 3 ya kule. Nikachoma kwa risasi, nikapuliza moshi.

Konso ikaandika. Diski ilikuwa haijazimwa kwa heshima siku ya mwisho, kwa hiyo mashine ilianza kujikagua, faili kwa faili. Ilipomaliza ikauliza tarehe. Babu akaipa. Ikasubiri tena. Babu akabonyeza Ctrl na D pamoja, ishara ya kuruhusu watu wote waingie.

Temino namba sita ikawaka kijani na kumwaga takataka: mabano, alama za kuuliza, nusu herufi.

"Mwendo haulingani," Babu alisema. "Yenyewe inasikiliza taratibu, boksi linasema haraka. Ipandishe 9600." Nikaingia kwenye menyu, nikapandisha. Takataka zikakoma. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena na tena, nikidhani nimeiunguza.

"Ctrl na Q. Uligusa Ctrl na S bila kujua. S inasimamisha, Q inaendeleza."

Nikabonyeza. Neno moja likatokea kwenye kona ya kioo, likifuatwa na kijimstari kinachopepesa.

login:

Nilikuwa na miaka mingapi mashine hii ilipoandika neno hilo mara ya mwisho? Sikuwa nimezaliwa.

"Kwa nini tusitumie konso, Babu? Kioo chake kinafanya kazi."

"Fomu ya mishahara ilipangwa kwa lugha ya temino hizi. Kwenye konso ingetoa takataka. Andika: mishahara."

Nikaandika. Mashine ikaomba neno la siri. Babu akajikuna kidevu.

"Mhasibu mkuu alikuwa mtu wa muziki wa dansi. Neno lake lilianza kila mara kwa jina la bendi yake. Lakini mwishoni aliongeza tarakimu na herufi ambazo hakumwambia mtu. Aliringa nazo. Alisema hata shetani hawezi kuzikisia."

"Bendi gani?"

"Hapo ndipo ugumu. Bendi ile ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ikabadili jina kila chama kilipobadilika. Mwaka 1964 iliitwa NUTA Jazz. Ikawa JUWATA Jazz. Ikawa OTTU Jazz. Leo ninyi mnaiita Msondo Ngoma."

Nilicheka kwa mara ya kwanza siku ile, kwa sababu hapa nilikuwa najua kitu ambacho Babu hakukijua. Mwaka 2019 watu walifanikiwa kufungua neno la siri la zamani la Ken Thompson mwenyewe, yule wa Unix. Lilikuwa p/q2-q4!, hatua ya kufungulia mchezo wa sataranji. Herufi nane kamili. Nilisoma habari ile na kujifunza kwamba Unix za zamani zilitazama herufi nane za mwanzo tu za neno la siri. Ukiandika ishirini, kumi na mbili za mwisho ni pambo.

"Mkia wake hauna kazi, Babu. Mashine haikuwahi kuusoma. Boksi lilinunuliwa enzi zipi?"

Akanitazama, akahesabu kimoyomoyo. "JUWATA."

Juwatajazz. Herufi nane: juwataja. Nikaziandika. Kioo hakionyeshi neno la siri likiandikwa, kwa hiyo niliandika gizani, nikasimama mwishoni kidole kikitetemeka, nikabonyeza.

Fomu ikafunguka. Vichwa vyake vikaketi juu ya makovu yaleyale niliyoyasoma juani Midizini, kila neno mahali pake. NAMBA YA KAZI. JINA KAMILI. Nilikimbilia chumbani, nikachukua kitambulisho cha Mama kutoka kwenye msumari, nikaandika namba yake.

Jina la Mama likatokea. Jina lake la usichana, tarehe ya kuajiriwa, mshahara wa mwisho. Machozi yakanitoka. Kwa miaka yote waliwaambia hamna kumbukumbu, na kumbe ziko hapa, kwenye chuma walichotaka kukiuza kwa kilo.

Kisha nikasoma mstari wa chini.

MAFAO: YAMELIPWA YOTE. MACHI 1995.

Nikarudi juu, nikashuka tena. Chini yake palikuwa na mistari miwili midogo, ile ambayo programu hujiandikia yenyewe bila kumuuliza mtu.

ALIYEINGIZA: opa1. TEMINO: 06. SAA: 02:14 USIKU.

Niligeuka polepole. "Babu. Hukuruhusiwa kugusa mishahara."

Hakujibu. Alikuwa amesimama kando ya boksi, uso wake umekuwa wa kijani kwa mwanga wa kioo.

"Opa1 ni wewe, Babu. Umesema mwenyewe barazani."

"Usiku ule," alisema, na sauti yake ikakwama, "niliacha jina langu wazi. Niliondoka kwenye kiti bila kutoka kwenye mashine. Mtu yeyote angeweza kukaa."

"Nani alikaa?"

Mkono wake ukasogea kwenye swichi ya boksi. Nilijua anachotaka kufanya, na nilijua kitatokea nini, kwa sababu alinifundisha mwenyewe saa moja iliyopita: mashine ya namna hii hushika mambo kichwani kabla ya kuyaandika kwenye diski. Ukiikata ghafla unaweza kuyavuruga mafaili. Diski kongwe kiasi kile, ikisimama, huenda isizunguke tena.

"Babu, usizime! Kuna majina ya watu wengine humo! Babu!"

Kidole chake kilikuwa tayari kwenye swichi mlango uliposukumwa. Mama alikuwa amesimama kizingitini, bado amevaa sare ya kitchen party. Alitazama temino, akatazama namba sita nyekundu mgongoni mwake. Hakuuliza ni kitu gani.

"Mwache azime, mwanangu," alisema.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO

Mama anajua nini kuhusu usiku ule wa Machi 1995? Usikose sehemu ya nne. Na wewe msomaji ambaye mzazi wako alifanya kazi kwenye shirika la umma la enzi zile, muulize wiki hii ziko wapi hati zake za mshahara, uziweke mahali pakavu kabla hazijafungiwa karanga.